Ngazi, kipeo au kikokotoo: ulinganisho wa njia za kuandika vipimo vyenye viambishi katika umbo sanifu

Swali la kubadili mikromita 250 kuwa mita, na kuandika jibu katika umbo sanifu, huonekana jepesi hadi pale mwalimu anapoketi kusahihisha madaftari. Jibu sahihi ni 2.5 × 10⁻⁴ m, lakini katika rundo lilelile la madaftari nimekuwa nikikutana pia na 2.5 × 10⁻², na 2.5 × 10⁻⁸, na 250 × 10⁻⁶, na mara chache hata 2.5 × 10⁴. Kwa muda mrefu niliyaita yote makosa ya uzembe. Nilipoanza kuwauliza wanafunzi mmoja mmoja wanionyeshe walivyofika hapo, niligundua kwamba karibu kila jibu lisilo sahihi linatokana na njia iliyotumika, na kwamba mwanafunzi aliyefundishwa njia isiyofaa kwa kipimo kile hukosea hata akiwa makini. Ndiyo maana naona inafaa njia hizi zilinganishwe kwa uwazi, ili anayejifunza au anayefundisha ajue achukue ipi na kwa kazi gani.

Kwa umbo sanifu, ambalo wengine huliita muundo wa kisayansi, tunamaanisha namba isiyopungua 1 na isiyofika 10, ikizidishwa kwa 10 yenye kipeo (ile namba ndogo ya juu) ambacho ni namba nzima, hata iwe hasi. Kwa hiyo 250 × 10⁻⁶ ni thamani sahihi iliyoandikwa katika umbo lisilo sanifu, na mtahini aliyeomba umbo sanifu ana haki ya kukata alama.

Njia ya ngazi

Hii ndiyo njia ambayo wengi wetu tulianza nayo shule ya msingi, tukiimba kwa mfuatano: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Kila hatua ya kushuka ni kuzidisha kwa 10, na kila hatua ya kupanda ni kugawanya kwa 10, kwa hiyo mtu anachohitaji ni kuhesabu hatua na kuhamisha nukta ya desimali. Ukitaka kubadili 3.6 km kuwa mita, unashuka hatua tatu, nukta inahamia kulia mara tatu, na unapata 3,600 m. Ukitaka umbo sanifu, unairudisha nukta kushoto mara tatu na kuandika 3.6 × 10³ m.

Uzuri wa ngazi ni kwamba inaonekana. Mtoto anaweza kuichora pembezoni mwa daftari, akaweka kidole kwenye kilo na kukitelemsha hadi mita, naye hahitaji kujua chochote kuhusu vipeo. Kwa vipimo vya rula, mizani ya dukani na chupa ya maji, inatosha. Udhaifu wake wa kwanza ni kazi ya bure: katika mfano huu nukta imetoka mahali pake na kurudi palepale, na kila safari ni nafasi ya kuhesabu vibaya.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, nao una historia. Viambishi vya kilo, hekto, deka, desi, senti na mili vinatoka katika sheria ya vipimo iliyopitishwa Ufaransa mwaka 1795, na vilipangwa kwa hatua za kumi kumi kwa sababu vilikusudiwa kutumika sokoni na shambani. Viambishi vilivyoongezwa baadaye kwa mahitaji ya sayansi, kama mega, giga, mikro, nano na piko, vilipangwa kwa hatua za elfu elfu, na ndivyo vilivyoingia katika Mfumo wa Kimataifa wa Vizio ulipopewa jina hilo mwaka 1960. Mwendo huo wa elfu haujabadilika: vile vinne vilivyoongezwa Novemba 2022, yaani rona (10²⁷), kweta (10³⁰), ronto (10⁻²⁷) na kwekto (10⁻³⁰), navyo vinaruka elfu kwa elfu. Ngazi ya shule ya msingi, kwa hiyo, ina vidato vyenye nafasi sawa katikati tu. Chini ya mili kuna nafasi mbili zisizo na jina, 10⁻⁴ na 10⁻⁵, kabla ya kuifikia mikro.

Hapo ndipo lile jibu la 2.5 × 10⁻² linapozaliwa. Mwanafunzi anajua kwamba mikro iko chini ya mili, anashuka hatua moja kama alivyozoea, anafika 10⁻⁴ badala ya 10⁻⁶, kisha anafanya yaliyobaki bila kosa lolote: 250 × 10⁻⁴ ni 2.5 × 10⁻² kweli. Kwa ngazi aliyopewa, alihesabu sawasawa. Wapo walimu wanaoirefusha ngazi kwa kuchora vidato vitupu, na inafanya kazi, lakini kutoka mita hadi pikomita utahesabu vidato kumi na viwili, na sijaona mwanafunzi anayefurahia kuhesabu kumi na viwili kwa ncha ya kalamu chumbani mwa mtihani.

Njia ya kipeo

Njia hii haihamishi nukta mwanzoni. Inakichukulia kiambishi kuwa ni namba iliyofupishwa kwa herufi, kisha inaiandika namba hiyo waziwazi. Mega ni 10⁶, kwa hiyo palipo na M unaandika × 10⁶. Mikro, ambayo wengi hutamka maikro, ni 10⁻⁶, kwa hiyo palipo na μ unaandika × 10⁻⁶. Baada ya hapo kinachobaki ni kuisafisha namba iliyo mbele na kujumlisha vipeo:

250 μm = 250 × 10⁻⁶ m = 2.5 × 10² × 10⁻⁶ m = 2.5 × 10⁻⁴ m

Viambishi vya kukariri si vingi. Kwa kupanda ni kilo 10³, mega 10⁶, giga 10⁹ na tera 10¹²; kwa kushuka ni mili 10⁻³, mikro 10⁻⁶, nano 10⁻⁹ na piko 10⁻¹². Kila kimoja kinaongeza au kupunguza 3 kwenye kipeo, na mtu akishajua mpangilio huo anabaki na vichache tu vya kukumbuka pembeni, hasa senti (10⁻²) na desi (10⁻¹). Hekto na deka hukutana nazo mara chache nje ya daftari la hesabu, ingawa hektari, ambayo ni hektomita moja ya mraba, inaishi kwenye kila hati ya shamba.

Nguvu ya njia hii ni kwamba haibadiliki kipimo kinapokuwa kikubwa mno au kidogo mno. Mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 ni 550 × 10⁻⁹ m, yaani 5.5 × 10⁻⁷ m. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni 2,115 × 10⁶ W, yaani 2.115 × 10⁹ W. Hatua ni zilezile mbili. Faida nyingine wanaijua wanaotumia jedwali la logi: kipeo cha umbo sanifu ndicho sehemu nzima ya logi. Ukishaandika 4.7 × 10⁻⁸, unachotafuta jedwalini ni logi ya 4.7 peke yake, ambayo ni 0.6721, na ile 8 yenye mstari juu tayari unayo mkononi.

Hata hivyo njia hii ina shimo lake, nalo liko katika hatua ya kusafisha namba. Wengi hukumbuka kwamba nukta imehama mara mbili lakini husahau kipeo kinaelekea wapi, na badala ya kujumlisha 2 kwenye −6 wanaitoa, wakapata 2.5 × 10⁻⁸. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni fupi: namba ya mbele ikipungua, kipeo huongezeka, namba ya mbele ikiongezeka, kipeo hupungua. Kutoka 250 kwenda 2.5 namba imepungua, basi −6 inapanda hadi −4. Kutoka 0.047 kwenda 4.7 namba imeongezeka, basi 0.047 × 10⁻⁶ inakuwa 4.7 × 10⁻⁸. Na yule anayepata 10⁻⁸ kwa mikromita 250 angejigundua mwenyewe kama angelisoma jibu lake upya kwa kiambishi: 2.5 × 10⁻⁸ m ni nanomita 25, kitu kidogo kuliko kirusi cha korona chenye kipenyo cha takriban nanomita 100, ilhali mikromita 250 ni robo ya milimita, inayoonekana kwa macho kwenye rula.

Kuna mambo matatu ambayo njia ya kipeo huyamudu vizuri kuliko nyingine zote, mradi mtu awe mwangalifu. La kwanza ni kilo ya kilogramu. Kizio cha msingi cha uzito wa maada katika mfumo wa kimataifa ni kilogramu, kizio pekee cha msingi kinachobeba kiambishi ndani ya jina lake. Kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 ni 500 × 10⁻³ g, yaani 5 × 10⁻¹ g, lakini swali likiomba kizio cha msingi bado safari haijaisha: gramu ni 10⁻³ kg, kwa hiyo jibu ni 5 × 10⁻⁴ kg. Anayeona mili akaandika 10⁻³ na kuacha hapo amekosea mara elfu moja.

La pili ni herufi kubwa na ndogo. M ni mega na m ni mili, na tofauti kati yake ni 10⁹, yaani bilioni. Zile megawati 2,115 zikiandikwa mW zinakuwa wati 2.115, umeme usiotosha hata taa ya sebuleni. Mikro nayo ina hatari yake, kwa sababu mkia wa μ ukifutika huonekana kama m. Ndiyo maana kwenye maboksi mengi ya dawa utaona mikrogramu imeandikwa mcg, ili asitokee mtu wa kuisoma miligramu na kutoa dozi mara elfu.

La tatu, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, ni vizio vya mraba na vya ujazo. Ziwa Viktoria lina eneo la takriban 68,800 km². Alama hiyo ya 2 haikai juu ya m peke yake; inakamata km nzima, kwa hiyo kiambishi nacho kinapandishwa kipeo cha pili:

68,800 km² = 6.88 × 10⁴ × (10³)² m² = 6.88 × 10⁴ × 10⁶ m² = 6.88 × 10¹⁰ m²

Anayesahau mabano huandika 10³ mara moja tu na kupata 6.88 × 10⁷ m². Kiasi hicho ni kilomita za mraba 68.8, maana yake ziwa zima lingekuwa dogo kuliko kisiwa cha Ukerewe kilichomo ndani yake. Kwa ujazo pengo huwa kubwa zaidi: sentimita moja ya ujazo ni (10⁻²)³, yaani 10⁻⁶ m³, na kwa kuwa mililita ni sawa na sentimita ya ujazo, chupa ya maji ya mililita 500 ni 5 × 10⁻⁴ m³. Mwenye ngazi angelazimika kuhesabu hatua mara mbili kwa mraba na mara tatu kwa ujazo. Mwenye kipeo anaweka mabano na kuzidisha.

Njia ya sehemu

Sitakaa sana hapa, kwa sababu kwa kiambishi kimoja njia hii ni kipeo kilekile kilichovaa nguo nyingi. Unazidisha kipimo kwa sehemu yenye thamani ya 1, kama vile m 1 juu ya μm 10⁶, na kizio usichokitaka kinakatwa juu na chini. Mahali inapostahili heshima ni pale kipimo kinapochanganya vizio ambavyo havitembei kwa kumi. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa linatembea 90 × 10³ m katika 3.6 × 10³ s, yaani 2.5 × 10¹ m/s, na hakuna kiambishi cha kukuokoa hapo kwa sababu saa ina sekunde 3,600. Shamba la ekari 5 vilevile: ekari ni takriban mita za mraba 4,047, na jibu ni karibu 2.02 × 10⁴ m². Kwa kazi kama hizo andika sehemu, ziache zionekane, na ukate vizio kwa kalamu.

Kikokotoo

Kikokotoo cha kisayansi kina haraka, na katika maabara au kazini sioni sababu ya kukikataa. Lakini kinamtii anayekibonyeza, na vibonyezo vyake vinahitaji kuelezwa. Kibonyezo cha ×10ˣ, kilichoandikwa EXP kwenye vikokotoo vya zamani, tayari kina kumi ndani yake. Kwa mikromita 250 unabonyeza 250, kisha ×10ˣ, kisha alama ya hasi iliyo kwenye mabano, kisha 6. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu anayetaka 10⁶ kubonyeza 10, kisha ×10ˣ, kisha 6; kikokotoo kinasoma 10 × 10⁶ na kumpa 10⁷, naye anaondoka na jibu lililozidi mara kumi bila kushuku lolote. Kwa 10⁶ unaanza na 1.

Jambo la pili ni namna kikokotoo kinavyoonyesha jibu. Kwenye vikokotoo vingi vya Casio, mpangilio wa Norm 1 huonyesha kipeo mara namba inaposhuka chini ya 0.01, wakati Norm 2 huonyesha desimali ndefu hadi namba ishuke chini ya 10⁻⁹. Wanafunzi wawili waliokaa dawati moja wanaweza kupata 2.5 × 10⁻⁴ na 0.00025 kwa swali lilelile, kila mmoja akadhani mwenzake amekosea. Mpangilio wa Sci ndio unaotoa umbo sanifu kila mara, nao hukuuliza unataka tarakimu muhimu ngapi. Kibonyezo cha ENG hufanya kazi ya kinyume: hulipeleka jibu kwenye kipeo kinachogawanyika kwa 3, na 2.5 × 10⁻⁴ linarudi kuwa 250 × 10⁻⁶, yaani mikro. Anayetaka kujua kiambishi kinachofaa jibu lake atakipenda kibonyezo hiki. Anayetaka umbo sanifu asikiguse. Yule aliyeandika 2.5 × 10⁴ katika rundo langu alitumia kikokotoo, na alama ya hasi ilipotea kati ya kioo na karatasi.

Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi, ambako shule nyingi zilifuata uandishi wa Kifaransa, waongeze tahadhari moja: mkato wao ni nukta yetu. Ulichozoea kuandika 2,5 kikokotoo kitakionyesha 2.5, na 2,115 ya kwenye makala hii ni elfu mbili mia moja na kumi na tano.

Ipi kwa nani

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayebadili kilomita, sentimita na milimita anaweza kubaki na ngazi kwa wiki chache, ili apate picha ya ukubwa wa vizio. Mara tu mikro na nano zinapoingia darasani, ningependa aiache kabisa na ashike kipeo, kwa sababu kuzichanganya njia mbili katika swali moja ndiko kunakozaa hatua zilizopotea. Anayejiandaa kwa mtihani usioruhusu kikokotoo hana chaguo bora kuliko kipeo. Mwenye kikokotoo afanye kwa kipeo kwanza, kisha akitumie kuhakiki, si kinyume chake. Njia ya sehemu ichukuliwe na yeyote mwenye saa, ekari au inchi ndani ya swali.

Yuko pia mtu ambaye hahitaji umbo sanifu kila siku, naye ni fundi wa redio na televisheni. Akiwa mbele ya saketi yenye kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme na kupimwa kwa faradi (F), nanofaradi 100 ni jina linalotosha, na kulazimisha 1 × 10⁻⁷ F ni kumchelewesha. Lakini mpe kapasita tatu, moja imeandikwa 47 nF, nyingine 0.1 μF na ya tatu 2,200 pF, umuulize ipi ni kubwa. Macho yanavutwa na 2,200. Katika umbo sanifu ni 4.7 × 10⁻⁸, 1 × 10⁻⁷ na 2.2 × 10⁻⁹ F, na kwa kutazama kipeo peke yake unaona kwamba ile ya 0.1 ndiyo kubwa na ile ya 2,200 ndiyo ndogo kuliko zote.

Tena fundi huyo amekuwa akitumia njia ya kipeo bila kuiita hivyo. Chukua kapasita ndogo ya kauri, ile bapa ya rangi ya udongo yenye miguu miwili ya waya, uigeuze kwenye mwanga: imeandikwa 104. Tarakimu mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni kipeo, na kizio ni pikofaradi. Kwa hiyo 104 ni 10 × 10⁴ pF. Badili piko iwe 10⁻¹², upate 10 × 10⁴ × 10⁻¹² F, yaani 10 × 10⁻⁸ F, isafishe namba ya mbele, na unabaki na 1 × 10⁻⁷ F, ambayo ni ileile 0.1 μF iliyoshinda zile nyingine.